Mke wangu amehamia jikoni kwa sababu ya malumalu

Mpendwa mshauri Feliciana, wenzangu wanakuita shangazi lakini mimi kwa umri wangu wa miaka sabini na tatu nitakuita mwanangu, nakusalimu kwa salamu ya kwetu, kamwene. Naomba msaada wako, ila usije ukafikiri ni msaada wa mtu aliyeshindwa, mimi sijashindwa, ninachotaka ni uandike kwenye gazeti maneno machache ya kumrudisha mke wangu ndani ya nyumba, maana amehamia jikoni na huu ni mwezi wa pili, na gazeti lako analiamini kuliko anavyoniamini mimi niliyemuoa.

Jina langu ni Alois wa hapa Kichiwa, ukishuka tu ukauliza nyumba ya malumalu hata mtoto wa chekechea atakuleta. Shule niliishia darasa la nne pale misheni, lakini kwa kazi ya mikono sijaona wa kunifundisha. Nyumba hii nimeijenga mimi, matofali nimechoma mimi, milango nimeranda mimi, hata sakafu ya kwanza, ile ya saruji iliyolainishwa kwa niru nyekundu, niliimwaga mimi mwenyewe siku moja tu, tulianza asubuhi na jua linazama nimemaliza, watu walikuja kutazama. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha chai Lupembe, narudi nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo mchanga aliubeba mke wangu Vestina kichwani toka mtoni kiangazi chote na binti yetu Janeth yuko mgongoni, lakini kumwaga nilimwaga mimi, na kumwaga ndiyo ufundi wenyewe.

Sasa jirani yangu Agustino watoto wake walimwekea malumalu sebuleni mwaka juzi, basi tangu hapo hata kuongea ameanza kuongea taratibu kama padri, ukienda kwake anakwambia angalia usiteleze mzee mwenzangu, na yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka miwili. Nikasema hapana, mimi sisubiri watoto. Nikauza miti ya mbao niliyopanda bondeni kwa mkono wangu, na Vestina alipokwenda Lupingu kule ziwani kumwangalia Janeth aliyekuwa amejifungua, nikasema huu ndio wakati, akirudi akute nyumba imegeuka.

Nikapanda gari mpaka Makambako kwenye duka la mama mmoja anaitwa Bibie, mwanamke mwenye heshima, ana malumalu za kila aina zimepangwa mpaka dari. Akanionyesha zile za sakafuni, zina vumbivumbi, zinakwaruza ukipitisha kidole, nikamwambia hizo mbona kama kokoto, nataka ile inayong'aa pale juu, nyeupe yenye maua ya bluu. Akasema, "Babu, zile ni za ukutani, za bafuni." Nikamwambia, "Ukuta ni nini? Si sakafu iliyosimama." Akacheka, akasema, "Basi babu, zikikuangusha usinirudishie." Nikamwambia mimi nimepanda milima ya huku na mzigo wa viazi mgongoni kwenye matope ya masika sijaanguka, nitaangushwa na ua la bluu. Hapo akaniandikia risiti, nilimshinda.

Kijijini kuna fundi wa malumalu, Shedrack, alikuja mwenyewe kusalimia akaona mabunda nje. Akasema mzee hizi siyo za chini, na tena sakafu yako mama ameipaka nta miaka zaidi ya thelathini, saruji haitashika juu ya nta, lazima tuikwangue na kuidonoa kwa tindo kwanza. Nikamwambia Shedrack, wewe ulizaliwa sakafu hii ikiwa tayari inang'aa, utanifundisha nini. Nikaziweka mwenyewe kwa siku nne, sebule na korido na chumba chetu, mistari imenyooka kama mashamba ya chai, nakuapia, uje na kamba upime.

Vestina akarudi na mfuko wake wa dagaa, akasimama mlangoni kwa muda, hakuingia, akasema, "Sakafu yangu iko wapi?" Nikamwambia iko chini ya hizi, nimekufunikia kwa urembo. Hakujibu kitu, nikajua furaha imemziba mdomo.

Nikaweka utaratibu, maana kitu kizuri kinataka utaratibu, kila mtu anavua viatu nje na malumalu zinapigwa deki asubuhi na jioni. Vestina akawa analalamika baridi, kwamba mwezi wa sita hapa kwetu umande unaganda kwenye majani halafu anakanyaga barafu nyingine ndani ya nyumba, nikamwambia avae soksi. Akavaa soksi. Siku ya tatu alikuwa anatoka jikoni na sufuria ya viazi vya kuchemsha, kufika katikati ya sebule akaanguka, viazi vikaenda mpaka chini ya kabati. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nikasimama haraka nikaenda kutazama malumalu kama imepasuka, maana sufuria ilikuwa nzito, na kweli moja ilikuwa na ufa. Nikamwambia, unaona sasa. Mkono wake wa kushoto ulivimba kwenye kiwiko, alikwenda zahanati wakamfunga bandeji, haukuvunjika. Jioni ile akachukua godoro la wageni na blanketi mbili na rozari akahamia jikoni.

Jikoni kwetu ni kijumba cha pembeni, sakafu ya udongo, moto unawaka kutwa. Nilidhani ni hasira za siku mbili. Nikaenda kumwambia mama Janeth, mke hahami nyumba kwa ajili ya viazi. Akasema, "Sijahama nyumba, Alois. Nimekuachia yako, nimebaki kwenye yangu." Akaendelea kumenya.

Nikamfanyia hisani. Nikawasha jiko la mkaa nikaliingiza sebuleni ili pawe na joto, arudi, nikalitua juu ya malumalu kama tulivyokuwa tunalitua siku zote kwenye saruji. Mara nikasikia pa, halafu pa, vipande vitatu vikanyanyuka vyenyewe kimoja kikaruka mpaka kwenye picha ya harusi yetu. Nikatandika mkeka juu, huwezi kujua kama hukuambiwa.

Sasa jambo lililonifanya nichukue kalamu ni la Alhamisi iliyopita. Jumuiya yetu ndogo ya kanisa inasali kwa zamu nyumba kwa nyumba, zamu ikawa yetu. Nimepiga deki tangu alfajiri, nimepanga viti, nimesimama mlangoni nawaambia karibuni ila viatu hapo, na siku hiyo ukungu ulikuwa haujapanda. Watu wakaanza kuinama kufungua kamba. Vestina akatokea mlango wa jikoni na mkono wake una bandeji akasema kwa upole tu, "Wapendwa, huku hakuna wa kumvua mtu viatu, na chai iko tayari." Mwanangu, waliinuka wote. Watu kumi na tisa. Waliingia kijumba kile wakabanana kama magunzi kwenye gunia, mimi nikabaki sebuleni na viti vyangu. Nikasema siwezi kuwafuata, mwenye nyumba hafuati wageni. Wakaanza rozari, mimi naitikia peke yangu huku kwangu, na sauti yangu ilikuwa inanirudia kutoka kwenye malumalu. Walipotoka Agustino alipita akachungulia mlangoni akasema, "Alois, sebule yako imependeza, inafaa kuwekea jeneza." Na yeye mwenyewe ana malumalu.

Baada ya wiki saba tunatimiza miaka hamsini ya ndoa. Padri atakuja, Misa kanisani halafu chakula nyumbani, Janeth atatoka Lupingu na wajukuu. Nilimuuliza Vestina siku hiyo itakuwaje. Akasema, "Kanisani nitakwenda, na pete nitavaa. Nikitoka narudi jikoni." Sasa watu watasemaje, miaka hamsini bwana yuko sebuleni na bibi yuko jikoni, na nyumba nimeitengeneza kwa ajili yake.

Kwa hiyo naomba umwandikie kwamba mke arudi ndani, na kwamba malumalu ni maendeleo, na kwamba mtu akianguka ni yeye hakuangalia. Andika kwa herufi kubwa, macho yake siku hizi yanasumbuliwa na moshi. Mimi niko imara, silii wala nini, ila chumba ni kikubwa mno na asubuhi hakuna wa kuniuliza nimeamkaje.

Ni mimi fundi Alois, Kichiwa.

*

Shikamoo, Mzee Alois.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilicheka, ya pili sikucheka. Kwa kuwa umeniita mwanangu, nitakujibu kama binti anayempenda baba yake na hamwogopi.

Tuanze na malumalu, maana najua bila hizo hutanisikiliza. Bibie alikwambia ukweli na Shedrack alikwambia ukweli, na wote wawili uliwashinda kwa maneno. Malumalu ya ukutani ni nyembamba na laini, imetengenezwa kutazamwa, haikutengenezwa kubeba kabati, jiko wala mtu mwenye sufuria. Uso wake hauna pa kukanyagia. Ukiongeza soksi juu yake, umetengeneza mtego. Na chini yake kuna nta ya miaka zaidi ya thelathini, kwa hiyo saruji yako haikushika kitu, imelala tu. Chukua sarafu, upige gongagonga sebule nzima. Panapolia kama debe tupu, hapo hapajashika. Nadhani utasikia debe kila mahali. Mistari imenyooka, nakubali. Hata ningekuja kupima kwa kamba, ungeshinda. Lakini mstari ulionyooka haumzuii mtu kuanguka.

Jiko la mkaa usilitie tena ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa hisani wala kwa baridi. Kipande kilichorukia picha ya harusi ndicho kilichokuonya kwa kelele. Moshi wa mkaa usioonekana haupigi kelele, unaua watu wamelala. Hilo sikubembelezi.

Sasa tumalize ya sakafu, tuje kwa mama Vestina.

Baba, uliandika kwa kirefu, na katika urefu wote huo kuna jambo moja umelipitia haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Mkeo alianguka mbele yako. Ulisimama haraka. Ukaenda kutazama malumalu. Yeye alikuwa sakafuni, ameshika kiwiko, anakuangalia ukitafuta ufa. Nikuambie alichokiona pale? Aliona nani ana thamani ndani ya nyumba ile. Hakuondoka kwa sababu ya viazi, wala kwa sababu ya baridi. Ungemwinua kwanza, mngekuwa mnabishana mpaka leo juu ya soksi, mkiwa chumba kimoja.

Na kuna jingine. Unasema sakafu ya kwanza uliimwaga wewe, siku moja. Ni kweli. Mchanga wake ulibebwa kiangazi kizima, kichwani, na mtoto mgongoni, wakati wewe uko Lupembe. Halafu miaka yote hiyo nani alikuwa anapiga magoti na kitambaa cha nta? Shedrack alijua jibu. Alisema mama ndiye aliyeipaka. Kwa hiyo Vestina aliposimama mlangoni na dagaa zake akauliza "Sakafu yangu iko wapi?", hakuwa amezibwa mdomo na furaha. Aliuliza swali. Wewe ukamjibu kwamba umemfunikia kwa urembo. Usiseme uliifanya kwa ajili yake. Ulisubiri asafiri ndipo uifanye. Zawadi ya mtu haingoji asafiri. Ile ulimfanyia Agustino, na Agustino mwenyewe ameiona, ndiyo maana anakutania. Kwa taarifa yako, mtu anayekwambia kila siku "angalia usiteleze" huenda ameshateleza mara nyingi kuliko anavyosema.

Uliniomba nimwandikie kwa herufi kubwa. Yeye sitamwandikia, hana kosa la kuandikiwa gazetini. Herufi kubwa nakuandikia wewe, na ni maneno manne: MUULIZE ANATAKA SAKAFU GANI.

Kabla ya kumuuliza, utakwenda jikoni. Utakwenda asubuhi, wakati anapuliza moto, na viatu vyako miguuni, kama alivyowakaribisha wengine. Usiende kumrudisha. Kaa kwenye kigoda, hata kama goti linalia, uulize habari ya mkono. Mkono tu. Akikuonyesha, utazame kwa makini kuliko ulivyoutazama ule ufa. Kisha sema, "Siku ile nilikwenda pasipotakiwa." Yeye ataelewa. Usiongeze neno "lakini" baada ya hapo. Nakujua kwa barua moja, unalo tayari mdomoni, limeze. Na kama asubuhi hiyo hatakuonyesha mkono, kunywa chai yako, ushukuru, urudi kesho yake.

Akishakuonyesha, muulize ya sakafu. Akisema anataka saruji yake nyekundu, basi ni saruji nyekundu. Mwite Shedrack, na umwite kwa heshima, yeye ndiye fundi wa kazi hii na wewe ni mwenye nyumba. Malumalu zibanduliwe, nyingi zitatoka nzima kwa kuwa hazikuwa zimeshika. Sakafu ya zamani ikwanguliwe nta yote na kudonolewa kwa tindo, imwagwe saruji mpya ipigwe niru, ifunikwe kwa magunia yenye maji siku saba. Kwa baridi ya Kichiwa isubirini wiki mbili zaidi kabla ya kurudisha makabati. Mkianza ndani ya wiki mbili hizi, wiki saba zinawatosha bila kukimbizana. Akisema anataka malumalu, nendeni Makambako wawili, Bibie awatolee zile "kokoto" ulizozikataa, na Vestina azipitishie kidole yeye. Akisema anataka mbao, mbao unazijua, ila ziwe zimekauka. Zikiwekwa mbichi zitakuachia nyufa za kupitisha panya. Akisema hajui, usichague wewe. Subiri.

Safari hii mchanga hautabebwa na yeye. Najua una miaka sabini na tatu; tafuta gari, ila ukae mbele na dereva, ukauone mto ule ulivyo mbali.

Zile za maua ya bluu zitakazotoka nzima usizitupe. Zina kazi yao tangu kiwandani: ukutani. Kama mama Vestina atapenda, Shedrack azibandike kwenye ukuta wa jikoni kwake, mbali kidogo na moto zisipate joto kali, pale anapotundika sufuria. Moshi unafutika kwa kitambaa kimoja. Mistari piga wewe, hapo ufundi wako hakuna anayeupinga. Na toboeni dirisha la pili, moshi upate pa kutokea, macho yake yapone.

Kuhusu watu watasemaje: watu kumi na tisa wameshasema, Alhamisi ile, kwa miguu yao. Hawakukimbia malumalu. Walikwenda palipokuwa na mwenye nyumba.

Mwisho wa barua umeandika kwamba chumba ni kikubwa na hakuna wa kukuuliza umeamkaje. Hilo ndilo ungeanza nalo, baba, tungeokoa karatasi. Kamwambie yeye, usiniambie mimi.

Na siku ya jubilei, mkitoka kanisani, Agustino na padri na wajukuu wakiwa nyuma yenu, utafika mlangoni ukiwa na hamu ya kuwaonyesha watu sakafu. Jizuie. Simama pembeni, mshike mkono ule wa kushoto, na umwache Vestina akanyage kwanza, na viatu vyake.